Kuifundisha mashine ijue lini RSI inastahili kuaminiwa: mwongozo kamili

RSI, kiashiria cha 0 hadi 100 kinachopima bei imepanda au imeshuka kwa nguvu kiasi gani, imevuka 70. Umefundishwa kwamba hapo bei imepanda kupita kiasi, kwa hiyo unauza. Bei inazidi kupanda. Siku tatu baadaye RSI iko 78, na kikomo chako cha hasara kimeshaguswa. Wiki chache baadaye, kwenye soko lilelile, RSI inavuka 70 tena, na safari hii bei inageuka papo hapo, ila wewe umeshaogopa na umekaa pembeni. Hesabu ya kiashiria ni ileile mara zote mbili. Soko ndilo lililobadilika.

J. Welles Wilder, mbunifu wa viashiria vya chati, alipoitambulisha RSI mwaka 1978 aliipa mishumaa 14 (kila mshumaa ni bei za kipindi kimoja, kama siku au saa), mstari wa 70 juu na wa 30 chini. Zilikuwa enzi za karatasi na kikokotoo, na seti moja ya namba kwa kila soko ilikuwa busara. Viashiria vingine viko hivyohivyo: MACD ina 12, 26 na 9 zake, na bendi za Bollinger zina 20 na 2. Namba hizo ndizo unazozikuta ukifungua karibu programu yoyote ya chati, soko liwe limelala au linawaka moto.

Wanaoleta ujifunzaji wa mashine hapa huwa wanaanza na swali gumu kuliko yote: kesho bei itapanda au itashuka? Mimi nakushauri uliache. Uliza swali dogo: RSI imetoa ishara sasa hivi, katika hali ya soko kama hii, ishara za namna hii huwa zinalipa? Swali hilo lina mifano ya zamani ya kujifunzia na jibu lake linapimika. Mwongozo huu wote unajenga mashine ya kujibu swali hilo moja, na kuendelea kulijibu soko linapobadilika tabia. Unahitaji lugha ya Python na maktaba zake za pandas na scikit-learn, basi.

Hatua ya 1: Gandisha kanuni, kisha eleza maana ya kushinda

Kabla ya modeli yoyote, andika kanuni ya msingi na usiiguse tena. Yangu hapa ni hii: RSI ya mishumaa 14 ikishuka chini ya 30 kisha ikafunga juu ya 30, nunua kwenye ufunguzi wa mshumaa unaofuata. Upande wa kuuza utaufanyia modeli yake. Usizichanganye, maana kushuka kwa soko na kupanda kwake mara nyingi havifanani mwendo.

Sasa kila ishara ya zamani inahitaji lebo: ilishinda au ilishindwa. Wengi huangalia tu kama bei ilikuwa juu baada ya mishumaa kumi. Hilo halitoshi, kwa sababu katikati ya safari bei ingeweza kukutoa sokoni kwa hasara kabla haijapanda. Tumia mipaka mitatu, njia aliyoieneza mtafiti wa fedha Marcos López de Prado: lengo la faida juu, kikomo cha hasara chini, na ukuta wa muda mbele. Mimi naweka lengo kwenye ATR mbili, hasara kwenye ATR moja, na muda mishumaa 20. ATR, ambayo nayo ni kazi ya Wilder, inapima bei hutembea kiasi gani kwa kawaida, kwa hiyo mipaka inajitanua yenyewe soko likiwa na mtikisiko na kujibana likitulia. Lengo likiguswa kwanza, lebo ni 1. Hasara ikiguswa kwanza au muda ukiisha, lebo ni 0. Mshumaa mmoja ukigusa mipaka yote miwili, hesabu kuwa ni hasara. Data ya mishumaa haikuambii upi uliguswa mwanzo, na kujipendelea hapo kutakugharimu baadaye.

Hesabu hii ifanye mapema. Ukipata 2 unaposhinda na kupoteza 1 unaposhindwa, unahitaji kushinda mara moja katika tatu ili usipate wala usipoteze, yaani asilimia 33.3. Ongeza gharama. Tuseme spredi (tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza), kamisheni na kuteleza kwa bei vinakula sehemu ya kumi ya ATR kwa kila oda. Sasa ushindi ni 1.9 na hasara ni 1.1, na mpaka wako unahamia 1.1 kugawanya kwa 3, karibu asilimia 36.7. Gharama ambayo huioni kwenye chati imekuongezea asilimia tatu na ushee za kuruka. Iandike namba hiyo mahali, tutairudia.

Hatua ya 2: Data

Hapa nitapita haraka, maana kazi ni ya kuchosha zaidi kuliko kuwa ngumu. Hakikisha mishumaa yote iko kwenye saa za eneo moja. Bei za hisa ziwe zimerekebishwa pale hisa zilipogawanywa. Ukitumia kundi la hisa, weka na zile zilizofutwa sokoni, la sivyo unajifunza kutoka kwa walionusurika peke yao. Na usichukulie kwamba bei lazima iwe juu ya sifuri: tarehe 20 Aprili 2020 mkataba wa mafuta ghafi ya WTI ulifunga kwenye dola 37.63 chini ya sifuri. Programu yoyote iliyokuwa inachukua logi ya bei ilipata jibu lisilo na maana siku hiyo.

Hatua ya 3: Jenga kipimo kinachojirekebisha bila mashine yoyote

Usiruke hatua hii. Kiashiria kinaweza kujirekebisha kwa hesabu ya darasani tu, na ukiwa nacho ndipo utajua kama modeli yako inaongeza kitu au inakupotezea umeme.

Perry Kaufman, mwandishi wa vitabu vya mifumo ya biashara, alitupa kipimo ambacho mimi nakiita kipimo cha unyoofu. Chukua umbali ambao bei imesogea tangu mshumaa wa kumi nyuma mpaka leo, ugawanye kwa jumla ya hatua zote ilizopiga njiani. Mtu aliyetembea moja kwa moja anapata 1. Aliyezunguka zunguka na kurudi alipoanzia anapata 0.

Tazama bei hizi: 100, 101, 103, 102, 104, 106, 105, 107, 109, 108, 110. Imesogea 10. Hatua zote zikijumlishwa ni 16. Unyoofu ni 0.625. Sasa hizi: 100, 102, 100, 103, 101, 99, 101, 100, 102, 100, 101. Imesogea 1 tu, lakini imepiga hatua za jumla ya 19. Unyoofu ni 0.053. Soko la kwanza linakwenda mahali. La pili linasota palepale.

Kaufman anaugeuza unyoofu kuwa kasi ya wastani unaosogea: zidisha unyoofu kwa tofauti ya 2/3 na 2/31, ongeza 2/31, kisha jibu lizidishe kwa lenyewe. Kwa mfano wa kwanza unapata takriban 0.194, sawa na wastani wa kawaida wa mishumaa tisa hivi. Kwa wa pili unapata 0.0093, sawa na wastani wa mishumaa zaidi ya 200. Fomula ni ileile na haijafundishwa chochote, lakini mstari wake unakimbia soko likikimbia na unasimama soko likiyumba.

n = 10
umbali = (bei - bei.shift(n)).abs()
njia = bei.diff().abs().rolling(n).sum()
unyoofu = umbali / njia

Mistari ya 70 na 30 nayo unaweza kuilegeza hivyohivyo. Badala ya 30, tumia kiwango ambacho RSI imekuwa chini yake kwa asilimia kumi tu ya mishumaa 250 iliyopita:

mpaka_chini = rsi.rolling(250).quantile(0.10).shift(1)

Kwenye soko lenye mwelekeo mkali wa kupanda, ambako RSI haifiki 30 kwa miezi, mpaka huu unapanda wenyewe hadi 40 na kitu, na ishara zinarudi. Ipime kanuni yako kwa mpaka huu na kwa kichujio kimoja cha unyoofu, kisha hifadhi matokeo. Huyo ndiye mshindani wa modeli yako.

Hatua ya 4: Sifa chache, zisizo na namba mbichi

Sifa ni vile vitu unavyoionyesha mashine kila ishara inapotokea. Mimi naanza na tano: unyoofu wa mishumaa 10, ATR ya muda mfupi kugawanya kwa ATR ya muda mrefu (kuona kama mtikisiko unakua), nafasi ya RSI ya leo kati ya RSI 250 zilizopita, umbali wa bei kutoka wastani wa mishumaa 200 (ukihesabiwa kwa ATR), na idadi ya mishumaa ambayo RSI ilikaa chini ya 30 kabla ya kutoka.

Hakuna bei ghafi hata moja hapo, na nimefanya hivyo makusudi. Ukiipa mashine bei, itajifunza kwamba kununua karibu na namba fulani kulilipa, na bei isiporudi kwenye namba hiyo ujuzi wote unakuwa bure. Kila sifa iwe uwiano, nafasi au idadi, kitu ambacho kina maana ileile leo na miaka mitano ijayo.

Sasa kosa ambalo limenila wiki tatu za maisha. Nilikuwa na modeli iliyoshinda karibu ishara saba katika kumi. Grafu ya faida ilipanda kama ngazi. Niliifurahia kwa siku kadhaa, kisha nikakaa na kupitia ishara moja moja kwa mkono, nikilinganisha saa ya sifa na saa ya kuingia. Kwenye ishara ya nne nikaona: RSI ilihesabiwa kwa bei ya kufunga ya mshumaa, na oda ilikuwa inaingia kwenye ufunguzi wa mshumaa huohuo. Mashine ilikuwa inajua mwisho wa mshumaa kabla haujaanza. Nilipoisogeza sifa hatua moja nyuma kwa shift(1), ushindi uliteremka hadi kiwango kisichotosha hata gharama. Tangu hapo, kila ninapoona matokeo mazuri mno, kabla ya kitu kingine nachukua ishara kumi bila kuchagua na kuziandika kwenye karatasi: saa gani sifa ilijulikana, saa gani oda iliingia, saa gani lebo ilijulikana. Fanya hivyo. Dakika ishirini zinatosha.

Hatua ya 5: Modeli

Anza na rigresheni ya lojistiki, modeli rahisi inayoipa kila sifa uzito wake. Inatoa uwezekano, inafundishika kwa mifano michache, na unaweza kusoma uzito wa kila sifa na kujiuliza kama una mantiki. Njia ya majirani wa karibu, ambayo imependwa sana na wanaoandika viashiria vya kujifunza, nayo inaeleweka kirahisi: unatafuta ishara za zamani zinazofanana zaidi na ya leo na kuuliza ngapi zilishinda. Ukiitumia, fikiria kupima ukaribu kwa logi ya tofauti badala ya tofauti ya mraba, ili siku moja ya wazimu sokoni isiharibu hesabu yote ya ujirani. Msitu wa miti ya maamuzi uje baadaye, ukiwa na maelfu ya mifano.

Mitandao ya neva iache kwanza. Hesabu ishara zako: RSI kutoka chini ya 30 ni tukio adimu, na kwenye mishumaa ya siku unaweza kupata chache tu kwa mwaka. Ukiwa na mifano 300 na mtandao wenye maelfu ya vigezo, mashine itakariri kila mfano kama mwanafunzi aliyekariri majibu ya mtihani wa mwaka jana. Kama ishara ni chache, tumia mishumaa ya saa moja au unganisha masoko kadhaa yanayofanana. Sifa zetu za uwiano zinaruhusu hilo.

Hatua ya 6: Ifundishe kwa kusahau

Hapa ndipo neno kujirekebisha linapopata maana. Modeli iliyofundishwa mara moja inazeeka siku hiyohiyo. Tunaifundisha upya kila baada ya muda, tuseme kila mwezi, na mifano ya zamani tunaipunguzia uzito kidogo kidogo. Chagua nusu-umri: idadi ya ishara ambazo baada yake mfano unabaki na nusu ya uzito wake.

sifa = ["unyoofu", "atr_uwiano", "rsi_nafasi", "umbali_200", "muda_chini"]
for leo in siku_za_mafunzo:
    zamani = ishara[ishara["mwisho"] < leo].sort_values("mwisho")
    umri = np.arange(len(zamani))[::-1]
    uzito = 0.5 ** (umri / 50)
    modeli = make_pipeline(StandardScaler(), LogisticRegression())
    modeli.fit(zamani[sifa], zamani["lebo"], logisticregression__sample_weight=uzito)

Mstari unaobeba kazi yote ni ule wa "mwisho". Hiyo ni tarehe ambayo lebo ilijulikana, yaani siku ambayo mmojawapo wa mipaka mitatu uliguswa. Ishara iliyotokea jana inaweza kuwa bado haina lebo leo. Huenda ikaipata baada ya mishumaa 20. Ukichuja kwa tarehe ya ishara badala ya tarehe ya lebo, umeipenyezea mashine habari za kesho, na hakuna ujumbe wa kosa utakaokuonya. Scikit-learn ina TimeSeriesSplit yenye kigezo cha gap kwa ajili ya kuacha nafasi, lakini gap inahesabu safu za jedwali. Kama kila safu ni ishara na siyo mshumaa, 20 yako haimaanishi mishumaa 20. Kuchuja kwa tarehe ni salama zaidi. Kupima skeli nako kumewekwa ndani ya mnyororo wa modeli, ili wastani wa sifa usichukue chochote cha mbele.

Nusu-umri wa ngapi? Ukiwa na 50, uzito wote ukijumlishwa hauzidi kama mifano 73 kamili, hata kama una historia ya miaka thelathini. Kwa sifa tano, hapo ni karibu na ukingo. Ukishuka hadi 10, mashine inakimbizana na kila upepo: ikipoteza mara tatu inaogopa, ikishinda mara tatu inajiamini, kama treda mpya tu. Ukipanda hadi 500, haitajua soko limebadilika hadi uchelewe. Jaribu tatu, 50, 100 na 200, na uishie hapo. Ukijaribu mipangilio 20 isiyo na thamani yoyote, kila mmoja ukiwa na nafasi ya asilimia 5 ya kuonekana mzuri kwa bahati, uwezekano wa angalau mmoja kukudanganya ni asilimia 64. Kwa hiyo weka daftari la kila jaribio, yakiwemo yaliyoshindwa, na kipande cha mwisho cha data ukifungie hadi siku ya mwisho. Ukikifungua mara mbili, hakihesabiki tena kuwa mtihani.

Hatua ya 7: Geuza uwezekano kuwa uamuzi

Rudi kwenye ile asilimia 36.7. Modeli ikisema 34, unaacha ishara. Ikisema 38, upo juu ya mstari kwa unywele, na makosa ya modeli yenyewe ni makubwa kuliko hapo. Mimi nadai angalau 42. Lakini kabla ya kuamini namba hiyo, panga makadirio yote ya nje ya mafunzo kwenye mafungu: yote yaliyosema 30 hadi 35, 35 hadi 40, na kuendelea. Ndani ya kila fungu hesabu wangapi walishinda kweli. Modeli inayosema 45 huku wanaoshinda ni 35 inakupeleka shimoni kwa kujiamini. Hilo likitokea, mara nyingi dawa ni kupunguza sifa au kurefusha nusu-umri.

Kisha linganisha mambo matatu baada ya gharama: kanuni tupu ya RSI, kanuni yenye kichujio cha unyoofu cha hatua ya 3, na kanuni yenye modeli. Modeli isipomshinda yule wa pili waziwazi, tumia yule wa pili. Mara kadhaa nimefika hapa nikafuta modeli, na kichujio cha mstari mmoja nikabaki nacho.

Hatua ya 8: Siku ya kuiwasha

Iendeshe kwanza bila pesa, ikitoa uamuzi na kuuandika pamoja na sifa zake zote na saa kamili. Wiki chache zitakuonyesha mambo ambayo data ya zamani haisemi: mshumaa uliochelewa kufika, spredi iliyotanuka usiku, RSI ya broka wako inayotofautiana kidogo na yako kwa sababu njia ya Wilder ya kulainisha wastani inategemea historia inaanzia wapi. Kwa RSI ya 14, anza hesabu angalau mishumaa 150 nyuma na tofauti hiyo itakuwa ndogo mno.

Weka kipimo cha kuchakaa. Kwa ishara 30 za mwisho ulizozichukua, jumlisha uwezekano ambao modeli ilitoa: hiyo ndiyo idadi ya ushindi iliyoahidi. Ikiwa iliahidi 13 na umepata 12 au 10, hiyo ni bahati ya kawaida. Ukipata 5, izime na urudi kwenye kanuni ya hatua ya 3 mpaka ujue sababu. Kiwango cha kuzima kiandike kabla ya kuwasha, maana ukiwa katikati ya hasara utajitafutia sababu ya kuendelea.

Kuna jambo moja ambalo kipimo hicho hakiwezi kukulinda nalo. Tarehe 6 Septemba 2011 Benki Kuu ya Uswisi iliweka sakafu: euro moja haitashuka chini ya faranga 1.20. Kwa zaidi ya miaka mitatu sakafu ilishika. Mashine kama hii yetu ingejifunza, kwa mifano halali kabisa, kwamba RSI ikitoka chini ya 30 kwa mtikisiko mdogo karibu na sakafu ile, kununua ni salama. Tarehe 15 Januari 2015 benki ikaiondoa, na ndani ya dakika chache euro ilikuwa chini ya faranga moja. Vikomo vya hasara vilirukwa, na baadhi ya wateja waliamka wakiwa na madeni kwa broka wao. Kwenye sifa zetu tano hakuna hata moja ambayo ingebadilika siku iliyotangulia. Kinyume chake, utulivu wa bei ungeipandishia modeli imani.

Kwa hiyo ukubwa wa oda usiamuliwe na modeli. Uamue mwenyewe, nje ya msimbo unaojifunza: ishara moja isibebe kiasi ambacho, bei ikiruka mara kumi ya kikomo chako cha hasara, kitakufungia akaunti. Ukiweka hatari ya asilimia 0.5 ya akaunti kwa kila oda, mruko wa namna hiyo unakuchukulia asilimia 5. Ukiweka asilimia 5, unachukuliwa nusu. Iandike kwenye faili ya mipangilio kama namba ya kudumu ambayo kitanzi cha mafunzo hakina ruhusa ya kuigusa, hata modeli ikisema 90.